Dakika Tano Mbele ya Mkongwe: Maswali ya Wasomaji wa Kusini

Barua nyingi za mara hii zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinahusu vile vipindi vya luninga ambavyo mchekeshaji mkongwe anashika jukwaa na kuwapisha chipukizi. Tumeanza na swali la historia, kisha tukaingia kwenye kazi yenyewe.

Wahariri, habari za kazi. Hapa Masasi tunabishana kijiweni. Mwenzangu anasema vipindi vya kuchanganya wakongwe na chipukizi vilianzia Kenya kwa Churchill. Mimi nasema ni vya zamani zaidi. Nani mkweli, na vya zamani viliendeshwaje? – Fundi cherehani, Masasi

Mkweli ni wewe, ingawa mwenzako ana sababu ya kusema hivyo. Churchill Show ya Daniel Ndambuki, iliyorushwa na NTV ya Kenya, ndiyo iliyowazoesha watu wa Afrika Mashariki kumwona mtu mmoja na maiki moja akichekesha ukumbi mzima, yaani stendapu. Wengi walipata jina pale, Eric Omondi akiwa mmojawapo. Lakini mtindo wenyewe una umri wa babu zetu.

Marekani, kipindi cha Ed Sullivan kilikuwa hewani kwenye CBS kila Jumapili usiku tangu 1948 hadi 1971. Kilichanganya waimbaji, wanasarakasi na wachekeshaji, na mchekeshaji alipewa dakika chache tu katikati ya hao wote. The Tonight Show ya NBC ilianza 1954, na Johnny Carson akaishika kuanzia 1962 hadi 1992. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani uliojulikana kuliko yote. Chipukizi anatoka nyuma ya pazia, anasimama kwenye alama iliyochorwa sakafuni, anafanya dakika tano au sita, anamaliza. Kisha kila mtu anamtazama Carson. Akipiga makofi tu, umefanya kazi yako, nenda nyumbani. Akikuita ukae kwenye kiti kando ya meza yake, simu yako ya kazi itaanza kulia kesho yake. Freddie Prinze aliitwa 1973 akiwa mgeni kabisa. Jerry Seinfeld alijitokeza kwa mara ya kwanza Mei 1981. Ellen DeGeneres, 1986, akawa mwanamke wa kwanza kuitwa kitini siku yake ya kwanza kabisa.

Jambo ambalo watazamaji hawalioni ni kwamba chipukizi hao hawakuokotwa barabarani. Kipindi kilikuwa na mtu wa kuwatafuta kwenye kumbi ndogo za usiku, akawatazama mara nyingi, akawarudisha wakakate vipande vibovu. Ndiyo maana kipindi kilipohama New York kwenda Burbank, California, mwaka 1972, wachekeshaji nao walikifuata kule magharibi. Mwaka huohuo ukumbi wa Comedy Store ukafunguliwa Los Angeles, ukawa mahali pa kusimama ukitarajia kuonwa.

Kwa maoni yetu, mfano safi kuliko yote wa mkongwe kubeba chipukizi ni kipindi maalumu cha 1985 cha HBO, kituo cha luninga cha Marekani, kilichoongozwa na Rodney Dangerfield. Mzee huyu alijua shida. Alianza uchekeshaji kijana, akaacha, akauza mabati ya alumini ya kufunikia kuta za nyumba, akarudi jukwaani akiwa mtu mzima. Alifika kwa Ed Sullivan 1967, na mwaka 1969 akafungua ukumbi wake New York. Kipindi cha 1985 kilirekodiwa humohumo ukumbini kwake. Tazama aliowapa nafasi: Sam Kinison, aliyekuwa mhubiri na anapiga kelele mpaka mishipa inasimama, Rita Rudner, sauti ndogo, taratibu, sentensi fupi, Yakov Smirnoff, mhamiaji kutoka Umoja wa Kisovieti, Louie Anderson na unene wake, Bob Saget. Hakuna wawili wanaofanana. Hilo halikutokea kwa bahati.

Waingereza walikuwa na njia nyingine. The Comedians, kwenye ITV ya kwao kuanzia 1971, haikuwa na mwongozaji. Wachekeshaji wa kumbi za wafanyakazi walirekodiwa mmojammoja kwa muda mrefu, kisha mhariri akakatakata: kichekesho kimoja cha huyu, kimoja cha yule. Kilikuwa na kasi nzuri, lakini kilikula akiba ya watu. Kichekesho ambacho mtu alitembea nacho kumbini kwa miaka mingi kiliisha usiku mmoja, maana nchi nzima ilishakisikia.

Je, Orijino Komedi nayo tuihesabu humo? – Kilwa Masoko

Hapana. Kina Joti, Masanja, Mpoki, Vengu, Wakuvanga na McRegan, waliotokea EATV kwa jina la Ze Comedy kabla ya kuhamia TBC, walifanya maigizo mafupi: wahusika, mavazi, mwenzako anakurushia neno nawe unamrudishia. Marehemu Mzee Majuto na Mzee Small vilevile walikuwa watu wa maigizo. Kwenye stendapu hakuna wa kukurushia. Anayekujibu ni ukumbi, na jibu lake ni kicheko au kimya. Wapo wanaoweza yote mawili, lakini usidhani ukiwa hodari wa moja basi la pili limekuja bure.

Shikamooni. Mimi ni MC wa harusi hapa Mtwara Mjini, nimefanya kazi miaka kadhaa. Nimepata nafasi ya dakika tano kwenye kipindi kitakachorekodiwa Dar es Salaam, na mwongozaji ni mchekeshaji mkubwa. Niandaeje? Kwenye harusi naongea saa nne bila karatasi, kwa hiyo sina hofu. – Mshereheshaji, Mtwara

Marahaba. Tunakuombea uwe na hofu kidogo, maana harusi na dakika tano ni kazi mbili tofauti. Harusini watu wanakujua, wamekula, na wanacheka kwa sababu unamtaja shemeji yao. Studio hakuna shemeji.

Anza na hesabu. Ukumbi ukicheka vizuri, vicheko vinakula karibu theluthi ya muda wako. Kwa hiyo maneno yako halisi yasizidi 450 au 500, yaani takriban kurasa mbili za daftari kwa mwandiko wa kawaida. Ukiandika 700 utalazimika kuongea juu ya vicheko, na hilo ndilo kosa linaloua wageni wengi: watu wanaacha kucheka ili wasikie, na wakishaacha mara mbili hawarudi tena. Lenga vicheko vinne kwa dakika. Dakika tano ni vicheko ishirini, vikubwa na vidogo.

Kisha kata. Chukua mfano huu: «Mjomba wangu alinunua pikipiki baada ya kuuza korosho mnadani, lakini hajui kuendesha, kwa hiyo anaisukuma kila siku kwenda shambani na kurudi.» Maneno 21, na penye kuchekesha pamezikwa katikati. Jaribu hivi: «Mjomba kauza korosho, kanunua pikipiki. Hajui kuendesha. Kila asubuhi wanakwenda shamba bega kwa bega.» Maneno 14. Kinachochekesha kimekaa mwisho kabisa, na baada yake hakuna neno la kukanyaga kicheko. Subiri. Kicheko kikianza kushuka, kabla hakijafa, ongeza mkia: «Na kofia ngumu kavaa.» Mkia hauhitaji maelezo mapya, picha watu wanayo tayari. Mkia mmoja mzuri una faida kuliko kichekesho kipya, kwa sababu haukugharimu utangulizi.

Mpangilio wa dakika tano uwe hivi. Kichekesho chako cha pili kwa nguvu kiwe cha kwanza, ndani ya sekunde ishirini. Usianze na «Mambo vipi Dar, mpo?» mara tatu, mwongozaji keshasalimia. Cha kwanza kiseme wewe ni nani kwa macho yao: kama ni mrefu sana, kama lafudhi yako ya kusini inasikika, litaje hilo kabla hawajaanza kuliwaza. Katikati weka mada mbili, si tano. Ukiruka kutoka korosho kwenda mama mkwe kwenda daladala, kila mara unaanza upya kuwajengea picha. Kichekesho chenye nguvu kuliko vyote kiwe cha mwisho, na kama kinaweza kurudisha kitu ulichokitaja mwanzo (ile pikipiki), ukumbi unacheka wenyewe kwa kukumbuka.

Fanyia majaribio dakika hizo mbele ya watu wasiokujua: baraza la kahawa, mkutano wa kikundi cha kukopeshana, bwenini chuoni. Rekodi kwa simu mfukoni. Ukisikiliza, weka alama tatu daftarini: hapa walicheka, hapa walitabasamu, hapa kimebuma. Kilichobuma mara tatu kwa watu tofauti kitoe, hata kama mkeo anakipenda. Kilichobuma mara moja usikiguse kwanza, huenda ulikitamka vibaya au spika ilikoroma.

Siku yenyewe, uliza mambo mawili: taa ya onyo iko wapi, na inawaka ikibaki dakika ngapi. Kwa kawaida ni moja. Ikiwaka, usiharakishe, nenda moja kwa moja kwenye kichekesho chako cha mwisho. Kupitiliza muda mbele ya mkongwe ni utovu wa adabu, na ni muda wa mwenzako unaoula. Stendi ya maiki ukishatoa maiki, isogeze kando au nyuma yako. Ikibaki mbele inakukata mwili kwenye picha. Na maiki ikae umbali wa vidole vitatu kutoka mdomoni, isishikwe kwenye wavu wake, maana hapo inaanza kupiga mluzi.

Sisi ni kikundi cha vijana Lindi. Tunataka kurekodi kipindi chetu: mkongwe mmoja tutamwalika, na chipukizi sita wa hapahapa. Tumepata ukumbi wa watu 300, kamera moja na simu mbili. Tupange vipi? Mara ya mwisho tulirekodi, watu walicheka sana lakini kwenye video hawasikiki kabisa. – Lindi Mjini

Tuanze na hilo la kicheko kutosikika, kwa sababu ndilo linalofanya kipindi kizuri kionekane kibaya. Mlitumia maiki ya mchekeshaji pekee. Maiki ya mkononi ya aina ya dainamiki, kama ile Shure SM58 iliyozoeleka, imetengenezwa isikie kilicho karibu na ipuuze kilicho mbali. Ndiyo sifa yake. Kwa hiyo watazamaji wanahitaji maiki zao: mbili za aina ya kondensa, moja kila upande wa jukwaa, zikiwaelekea watu na zikiwa nyuma ya spika za ukumbi, si mbele yake. Zikiwa mbele ya spika zitanasa sauti ya mchekeshaji kwa kuchelewa kidogo, na video nzima itasikika kama imerekodiwa chooni. Maiki hizo zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mixa, yaani mashine ya kuchanganya sauti. Kitufe hicho kisipowashwa zinakaa kimya, na watu wengi hudhani zimeharibika. La muhimu kuliko yote: maiki za watazamaji zisitoke kwenye spika. Zirekodiwe tu, kila moja kwenye mstari wake, ili mhariri apandishe kicheko bila kupandisha sauti ya mchekeshaji. Viwango viache nafasi, kilele kiwe karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, maana kicheko kikubwa kinaruka ghafla na sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Ukumbi wa 300 ni mkubwa mno kwenu. Watu 120 waliobanana wanacheka kuliko 200 waliotawanyika, kwa sababu kicheko huambukizwa na jirani. Ondoeni viti vya ziada kabisa, msiviache vitupu. Safu ya kwanza iwe mita mbili tu kutoka jukwaani, na msiache njia katikati. Njia ziwe pembeni. Jukwaa lisizidi nusu mita kwa kimo.

Kamera ikae nyuma kwa kimo cha macho ya mchekeshaji, ikichukua kiuno kwenda juu. Simu moja ichukue jukwaa zima, ya pili iwatazame watu. Zote ziwe kwenye picha 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) ya sekunde 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Mkiweka 30, taa nyingi zitacheza kwenye video. Simu ziwekwe kwenye hali ya ndege, mwanga ufungwe usijibadilishe, na ziwe na GB 16 tupu kwa saa moja na nusu ya picha ya HD kamili. Kabla ya kuanza, mtu asimame jukwaani apige kofi moja mbele ya zote; kofi hilo ndilo mtakalolinganishia sauti na picha. Taa mbili zimmulike mchekeshaji kutoka mbele, kushoto na kulia, na watu wabaki na mwanga hafifu. Giza totoro linawafanya waogope kucheka, na simu ya pili haitaona kitu.

Kuhusu tarehe, msirekodi kuanzia Desemba hadi Aprili kama paa ni la bati: mvua moja inazima kipindi. Juni hadi Oktoba ndiyo salama, na mwishoni mwa kipindi hicho minada ya korosho inapoanza, watu wana hela ya tiketi. Anzeni baada ya Isha, saa 2:15 usiku hivi, ili adhana isikatize mtu katikati wala waumini wasikose nafasi. Feni za dari zenye kelele zizimwe wakati wa kurekodi na kuwashwa kila baada ya wachekeshaji wawili. Jenereta liwe nje, mbali kadiri waya unavyofika, nyuma ya ukuta. Na pitieni mapema kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri mjue vibali vinavyohitajika.

Sasa mpangilio wa watu. Mkongwe aanze, dakika nane hadi kumi, aupashe ukumbi. Wa kwanza baada yake asiwe dhaifu kuliko wote, kama vikundi vingi vinavyofanya, wala asiwe bora. Awe yule asiyeyumba. Mgeni kabisa mwekeni wa pili au wa tatu, watu wakiwa wameshachangamka. Aliye bora kati ya sita awe wa mwisho. Akibuma mtu, mkongwe asikimbilie kumwita anayefuata. Asimame yeye dakika mbili, arudishe vicheko, ndipo aite. Hapo ndipo thamani yake ilipo, na hapo ndipo mnapomlipia. Kumcheka aliyebuma kunafurahisha kwa sekunde tano, kisha wanaosubiri nyuma ya pazia wanaingia wakitetemeka.

Someni daftari za wote sita siku mbili kabla. Wawili wakiwa na kichekesho cha bodaboda, mmoja abadilishe.

Vicheko vya kwenye luninga ni vya kweli? – Ruangwa

Inategemea kipindi. Mwaka 1950 kipindi kimoja cha Marekani, The Hank McCune Show, kilipachika vicheko vilivyorekodiwa kwingine, na baadaye fundi Charles Douglass akatengeneza mashine ya kubonyeza kila aina ya kicheko. Tamthilia nyingi za vichekesho ziliitumia. Kwenye stendapu watu huwa wapo kweli, lakini mhariri anaweza kurefusha kicheko au kukihamisha ili kufunika mkato. Dalili: tazama mdomo wa mchekeshaji. Kicheko kikiwa kikubwa naye haachi kuongea hata nukta, kimeongezwa.

Chipukizi wetu anachekesha kwa Kimakonde, anaua kabisa. Dar watamwelewa? Na utani wa makabila je? – Newala

Utangulizi wa kichekesho auweke kwa Kiswahili, Kimakonde kiwe neno moja au mawili yenye maana inayoonekana usoni na mikononi. Asikitafsiri baada ya kukisema; kichekesho kilichofafanuliwa kimekufa.

Utani wa makabila tunauheshimu, na ndiyo maana tunasema awe mwangalifu. Msibani mtani anaweza kulala kwenye jeneza akidai pesa, na hakuna anayekasirika, kwa kuwa pande zote mbili zinajua zinataniana na kesho zamu inageuka. Kamera inavunja mkataba huo. Anayetazama Mwanza si mtani wako, na hana nafasi ya kukujibu. Vichekesho vya rangi na asili vilivyojaa kwenye The Comedians ya Uingereza leo vinawakera hata wajukuu wa waliovicheka. Njia salama ni kumtania mtani wako akiwa pale jukwaani, naye apewe zamu yake.

Waandaaji wanatuambia chipukizi halipwi, analipwa «jina». Ni sawa? – Nachingwea

Si sawa pale mlangoni watu wanapolipa kiingilio. Hoja hiyo ilishapiganiwa: mwaka 1979 wachekeshaji wa Comedy Store, Los Angeles, waligoma kwa sababu ukumbi ulijaa kila usiku nao hawapati hata senti. Mgomo ukaisha kwa kukubaliana dola 25 kwa kila aliyepanda jukwaani. Ombeni kiwango kidogo kilicho wazi, nauli kabla ya safari, na nakala ya video ya dakika zenu ndani ya wiki mbili. Yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Video hiyo, isiyokatwakatwa na yenye sauti ya watu, ndiyo itakayowaombea kazi inayofuata.

Natafuta vipindi vya Carson vya miaka ya sitini. Mbona havipatikani? – Mwalimu, Mikindani

Mwalimu, vingi havipo tena. Kanda za video zilikuwa ghali, na vituo vilifuta kipindi cha jana ili kurekodi cha kesho. Sehemu kubwa ya miaka kumi ya kwanza ya Carson ilipotea hivyo. BBC nayo ilifuta mengi mpaka miaka ya sabini. Vilivyobaki ni vipande, na kuanzia 1972 hali ni nzuri zaidi.

Wenye vikundi huko pwani wanaweza kuliepuka hilo kwa gharama ndogo. Nakala mbili za faili ghafi, si video iliyokwisha kuhaririwa pekee, kwenye diski mbili zilizo katika nyumba mbili. Hewa ya chumvi na unyevu inakula viunganishi, kwa hiyo diski ikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Iwasheni kila baada ya miezi sita mkaguzi asome faili kadhaa. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali, kisha jina la mchekeshaji.